Kopo la Udi

Chake Chake, Jumapili usiku

Leo asubuhi nimekikuta chuma changu cha chapati kimeegemezwa ukuta wa uani, kinang'aa kama kilichotoka dukani jana, na pembeni yake pana makumbi mawili ya nazi na kilima kidogo cha mchanga uliokwisha kuwa mweusi. Mwenzangu alikuwa amesimama mlangoni, mikono imerowa hadi viwikoni, anasubiri asifiwe. Chuma kile nilipewa na bibi yangu mzaa mama nilipoolewa mwaka 2011, naye alikuwa akikitumia tangu mama yangu hajazaliwa. Weusi wake wa juu haukuwa masizi, bali ni mafuta ya miaka mingi yaliyopata moto kidogo kidogo hadi yakageuka utando mgumu na mwororo, chapati ikiteleza juu yake bila ya kushika. Upande wa chini ulikuwa na masizi kweli, na laiti angeishia huko ningemshukuru. Lakini alisugua pande zote mbili, kwanza kwa makumbi na mchanga, kisha kwa stilwaya na sabuni ya unga, akakisuuza na kukianika juani. Kwa hewa yetu hii ya chumvi, adhuhuri haijaingia na kutu ya rangi ya chungwa imeshaanza kuchomoza ukingoni.

"Uchafu ulikuwa umegandana," aliniambia. "Nimeutoa wote."

Nilimjibu kwamba naona, nikaingia ndani, nikakaa kitandani kiasi cha dakika 5. Dakika hizo ndizo zilizonikalisha na daftari usiku huu, kwa sababu zamani zisingekuwapo: ningepiga kelele palepale uani, jirani angeuliza kuna nini, na alasiri isingefika kabla ya mtaa mzima kujua kwamba mume wangu ameharibu chuma cha marehemu bibi.

Mume wangu ni mtoto wa mjini Unguja, aliyekulia katika majumba ya Michenzani, akahamishiwa Pemba kikazi, akanioa, akabaki. Vitu vingi vya shamba na vya jikoni alikutana navyo vikiwa vimeshafika mwisho wa safari yao: chapati ikiwa sahanini, nazi ikiwa tui, karafuu ikiwa kavu ndani ya vipakiti vya kuuziwa wageni. Nilichelewa sana kulielewa jambo hilo, na katika kuchelewa huko nilimhesabia kuwa ni ujinga wake mambo ambayo hakuna aliyepata kumwonesha.

Mfano ni zile karafuu. Katika msimu wetu wa tatu wa ndoa wazee wangu walikwenda mazikoni Micheweni, wakatuachia karafuu walizozianika juu ya majamvi nyumbani kwao Mtambwe. Karafuu ikishachambuliwa na kutolewa makonyo hutaka siku 4 au 5 za jua zuri, mpaka ukiikunja ivunjike kwa sauti, na hizi zilikuwa zimepata siku 1 tu. Mimi nilikuwa skuli nasomesha. Mawingu yalipokusanyika, yeye peke yake alizizoa zote kabla ya tone la kwanza kuanguka, kazi ambayo kwetu hufanywa na watu wanne huku wakigombana, na mpaka leo sijui aliwezaje. Halafu, kwa kuzihurumia zisiguswe hata na unyevu wa hewa, akazijaza kwenye magunia, akayafunga midomo kwa kamba na kuyapanga chumbani. Mvua ilinyesha siku 2. Tulipofungua, magunia yalikuwa na joto kama mwili wa mgonjwa wa homa, na karafuu zimepauka, zimelainika, zinanuka kama kitu kilichochacha. Hiyo ndiyo inayoitwa mpeta, na mtu akiipeleka kituo cha kuuzia karafuu hategemei daraja la bei nzuri.

Nilimwambia mume wangu, mbele ya mdogo wangu, maneno ambayo sitayaandika hapa. Baba aliporudi alitia mkono ndani ya gunia, akanusa, kisha akamwita mkwewe.

"Njoo na wewe utie mkono, mwanangu. Unalisikia joto hilo? Karafuu mbichi ina moto wake, ukiifungia inajipika. Mvua ikija itandaze ndani, hata mvunguni, na uwe unaigeuza."

Basi, hayo tu. Hakutaja hasara, ingawa fedha ile ilikuwa ya kuezekea banda. Msimu uliofuata mume wangu alitandaza karafuu mvunguni mwa vitanda vyote vya nyumba ile, kikiwamo kitanda cha mgeni aliyekuwa amelala.

Mfano huo wa baba niliushuhudia kwa macho yangu, nikausifu, na nikausahau siku ya udi.

Ilikuwa mwezi wa Ramadhani. Tangu mwaka 2010 umeme wa Pemba unatoka Tanga kwa waya uliolazwa chini ya bahari, nasi tumeuzoea kiasi kwamba ukikatika tunapotewa hata na mahali pa kuweka mkono. Jioni ile ulikatika karibu na magharibi, na mtungi wa gesi nao ulikuwa umekwisha. Mimi nilikuwa kwa dada yangu aliyejifungua, nikachelewa kurudi. Mwenzangu, aliyefunga kama mimi na aliyechoka kama mimi, akaamua kwamba nikifika nikute futari imeshaiva. Akatoa jiko la makaa, akamenya mihogo, akakuna nazi mwenyewe juu ya mbuzi, jambo ambalo baadhi ya wanaume ninaowajua wangeona bora wafuturu tende na maji. Makaa yakakataa kushika moto. Akapapasa kabatini gizani, akapata kopo la maziwa ya unga lenye vijiti vikavu ndani yake, akakata shauri kuwa hivyo ni vibanzi vya kuwashia.

Ulikuwa udi wangu wa vipande, alioniletea shangazi yangu kutoka Maskati, ambao nilikuwa nikiutumia kwa kuumegua kipande kama ukucha na kukiweka juu ya kaa moja ndani ya chetezo, kwa ajili ya Idi na harusi za watu wa karibu. Yeye aliumimina kama nusu ya kopo, akautilia mafuta ya taa.

Harufu niliipata nikiwa bado njiani, nikafurahi, nikidhani kuna jirani mwenye shughuli. Nilipokaribia mlango wetu nikamsikia mama wa nyumba ya pili akiuliza kutoka kwake, "Jirani, leo mnamtoa nani?" kwa maana ya kwamba moshi wote ule hauwezi kuwa wa kitu kingine ila mwari anatolewa. Mihogo tuliila. Ilikuwa ya nazi, imeiva vizuri, na ilinukia bibi harusi.

Somo yangu alinifundisha siku zile za fungate namna ya kufukiza nguo na kutandika asumini, lakini sijapata kusikia bwana harusi aliyekalishwa akaoneshwa udi unafananaje kabla haujaungua. Kwa mume wangu udi ulikuwa moshi. Maisha yake yote alikuwa akiukuta kwenye kanzu yake ya Ijumaa, kwanza kwa mkono wa mama yake na baadaye kwa mkono wangu, na hakuwa na sababu ya kujua kwamba moshi ule una kijiti chake. Haya nayaandika leo kwa utulivu. Usiku ule nilicheka kwanza, nikakasirika baadaye, na asubuhi yake nikaanza kusimulia.

Nilisimulia kwa dada yangu mzazi, nikasimulia katika chumba cha walimu, nikasimulia kwenye maulidi na kwenye arobaini ya mtoto, na kila nilipokisimulia kisa kile kilizidi kunona: kopo nusu likawa kopo zima, mafuta ya taa yakaongezeka, na sauti ya mume wangu nikaifanya nene na ya kizembe, sauti ambayo hana. Somo yangu huyohuyo alikuwa ameniambia kwamba siri ya mtungi iulize kata, nami nikaigeuza kata kuwa upatu wa kupigwa ngomani. Siku moja nilikisimulia mwenyewe akiwapo, mbele ya kaka zangu na wake zao. Alicheka pamoja nasi, na nadhani alicheka kuliko sote.

Baada ya hapo akaacha. Hakununa wala hakusema neno, ila mikono yake ilijiondoa ndani ya nyumba. "Maji haya niyamwage, au yana kazi?" "Niguse hili bakuli?" Mwanzoni nilidhani ni adabu. Nilizinduka katika masika, siku moja niliporudi skuli nikamkuta ameketi barazani anaitazama mvua, na nguo zote za watoto ziko kambani zimerowa chapa. Nilimuuliza kwa nini hakuzianua.

"Sikujua kama zilikuwa zimekauka," alisema, "au ulikusudia zikae."

Hapakuwa na kejeli ndani ya maneno yale, ndiyo maana yaliniumiza. Mtu aliyezoa majamvi ya karafuu peke yake kabla ya mvua kufika alikuwa amekaa hatua sita kutoka kwenye kamba ya nguo, anaogopa kuanua.

Sitaki mtu anielewe kwamba kosa la mume au la mke lipokewe kwa kufumba mdomo. Ninaye shoga yangu ambaye mumewe, mwezi wa kwanza wa ndoa, alimpikia samaki wa nazi akatia tui zito mwanzoni kabisa na kuliacha lichemke kwa moto mkali bila ya kulikoroga, likakatika vipandevipande kama maziwa yaliyoharibika. Kwa mapenzi shoga yangu akamwambia hajapata kula kitamu kama kile. Sasa ni mwaka wa 19, na kila Jumapili anapikiwa tui lililokatika. Hawezi kusema tena, kwa sababu akisema leo atakuwa ameungama uongo wa miaka 19. Tunapomcheka na yeye hucheka, lakini siku za Jumapili hapendi kutembelewa. Wapo pia wale wanaoliweka kosa akibani, wasiseme lolote siku lilipotokea, kisha walitoe baada ya mwaka mzima wakati wanagombania jambo jingine kabisa. Hao nina jamaa zangu wa karibu miongoni mwao, na naomba radhi wakiyasoma haya.

Zamu yangu ilikuja mwaka jana, usiku wa kuamkia Idi. Mume wangu ana kofia moja ya mkono aliyovalia harusi yetu, iliyotariziwa maua kwa uzi wa kahawia juu ya kitambaa cheupe, vitobo vyake vimezungushwa kimoja kimoja kwa sindano. Mshonaji mzuri huimaliza kofia ya namna hiyo kwa miezi. Niliona imeingia madoa kwenye utepe wa ndani kwa jasho. Nikataka aamke aikute nyeupe, nikairoweka usiku kucha katika maji yenye dawa ya kutoa madoa. Mimi pia kofia nilikuwa naijua ikiwa kichwani tu. Huifua mwenyewe, kwa mkono, kwa sabuni kidogo, na kuitia wanga, na hata siku moja sikumuuliza kwa nini hanipi niifue. Alfajiri niliikuta nyeupe kweli, na maua yake yote yamefifia pamoja na madoa.

Aliishika, akaigeuza upande wa dirishani penye mwanga, akaitazama kwa muda ambao mimi niliuona mrefu mno. "Alhamdulillahi," alisema, "kofia ya maalim wangu wa chuo ilikuwa hivihivi." Akaivaa akaenda nayo kusali Idi. Nilikaa wiki nzima nikingoja kuisikia habari ile kwa wifi zangu, na baada ya wiki nikaendelea kungoja. Mpaka leo hakuna aliyeniuliza lolote kuhusu kofia.

Kwa hiyo asubuhi ya leo, zilipokwisha zile dakika 5, nilirudi uani nikamwonesha. Nilimwambia lipi lilikuwa masizi na lipi lilikuwa mafuta, na nilipofika kwenye habari ya bibi alishusha pumzi akakaa chini juu ya kibao cha mbuzi. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu hakuniuliza kama namruhusu kugusa. Aliuliza chuma kinarudishwaje. Baada ya magharibi tukakifuta kutu, tukawasha makaa, nikakipaka mafuta membamba kwa kitambaa na yeye akapepea mpaka moshi ukaisha, kisha tukapaka tena, na tena. Mara 3 kwa usiku mmoja ni kama kumvisha mtoto kanzu ya mtu mzima, lakini tulikuwa na hamu. Chapati ya kwanza ilishika yote, ya pili ikatoka vipande, ya tatu ikatoka na tundu katikati. Alizila zote tatu.

Nilipokwenda kabatini kutafuta chumvi ndipo nilipogundua kwamba chuma hakikuwa kazi yake pekee ya leo. Makopo yote saba yamefutwa vumbi na kubandikwa karatasi, kwa mwandiko wake wa kulala kushoto. Lile la maziwa ya unga limeandikwa kwa herufi kubwa: UDI. SI KUNI. Kopo la uzile ameliandika shamari. Nimelirudisha mahali pake kama lilivyo, na kesho, watoto wakishakwenda skuli, nitamnusisha yote mawili.