Nilivyomnasa babu wa wakwe zangu kwenye faili la mjane wake

Kuna mtu anayejiita mtaalamu wa nasaba alitwambia, tena kwa malipo: "Anza na rekodi ya utumishi jeshini, ukoo wote umo humo." Haumo!

Tuliyemtafuta ni baba wa babu yake mama mkwe wangu, Isaac, askari mweusi wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani (1861–1865). Nyumbani walikumbuka "Kikosi cha 4" tu, kile cha USCT (vikosi vya askari weusi wa Marekani) kilichoundwa Baltimore, Maryland, mwaka 1863. Nikaagiza rekodi ya utumishi kwa jina la ukoo la sasa, dola thelathini hivi. Zikaja kadi: kimo, rangi, umri, kazi, halafu mahudhurio: yupo, yupo, hospitalini, yupo. Mke hatajwi, mtoto hatajwi. Tena umri ulikuwa miaka 44, na Isaac wetu alikuwa kijana wa ishirini. Nilikuwa nimemnunua babu wa watu wengine.

Kosa ni jina. Watumwa wengi waliandikishwa kwa jina la bwana wao, vita vilipokwisha wakachukua jingine. Askari hao na wajane wao waliomba pensheni serikalini, na faharasa ya maombi hayo iliyopangwa kwa majina (huitwa T288) niliipekua wikiendi tatu, nikabadilisha herufi mpaka macho yakauma. Patupu.

Basi nikaliacha jina, nikashika kombania. Sensa ya Marekani ya 1890 ilipotea karibu yote baada ya moto, ila orodha yake ya maveterani imebaki kwa majimbo kuanzia sehemu ya Kentucky hadi Wyoming kwa mpangilio wa alfabeti, na Maryland imo. Humo Isaac yupo kwa jina lake la uzeeni, na kando yake kikosi na kombania. Iko faharasa ya pili ya pensheni, T289, iliyopangwa kwa kikosi na kombania badala ya ukoo. Nikasoma kadi za kombania nzima, moja baada ya nyingine, nikaandika kila Isaac. Wakapatikana wanne. Nikawarudisha T288, ambako kadi hutaja na mjane. Wa tatu mkewe ni Harriet! Harriet ndiye aliyeandikwa kwenye Biblia ya mama mkwe. Nilipiga kelele, mke wangu akadhani nimeungua.

Kadi ina namba kadhaa za majalada, usiagize ya kwanza unayoiona. Karatasi za mume huhamishiwa kwenye jalada la mjane, kwa hiyo chukua ile ya cheti cha mjane (WC). Kuagiza ni dola themanini hivi kwa kurasa mia za mwanzo. Anayeishi karibu na Washington aende mwenyewe Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, apige picha kwa simu bure. Penseli tu, kalamu ya wino utaiacha nje. Na karatasi zimekunjwa mara tatu tangu zama hizo. Usizinyooshe kwa nguvu, hukatikia kwenye mkunjo.

Kwa nini familia imo humo? Ili apate pensheni, mume alithibitisha maradhi. Mjane alipaswa kuthibitisha ndoa, kifo, umri wa watoto, na kwamba hajaolewa tena, maana akiolewa pensheni inakatwa. Ndoa ya utumwani haikuwa na cheti, kwa hiyo kuanzia 1864 sheria ilianza kukubali mashahidi kwamba wawili hao waliishi kama mke na mume. Kwa dola 8 kwa mwezi, Harriet aliwaleta watu wa shamba zima: dada yake, mkunga, wanajeshi wenzake Isaac wawili. Mkunga hakujua mwaka, alisema mtoto wa kwanza alizaliwa wakati wa kumenya mahindi, "kabla Isaac hajakimbilia jeshini". Chini ametia alama ya X, na wino umemwagikia neno "mahindi".

Wale wanajeshi wawili nimeshawatafutia namba za majalada yao ya pensheni. Kama wao walimtolea Isaac ushahidi, naye huenda aliwatolea wao, kwa maneno yake mwenyewe. Jumatano narudi Washington, na mama mkwe amesema safari hii tunakwenda wote.