Kabla ya kumwambia "kanyaga chini", pima kama kisigino kinashuka

Mtoto mwenye usonji anayetembea kwa ncha za vidole husikia amri moja kutwa nzima: "Kanyaga chini!" Bibi anaisema, dada wa kazi anaisema, mwalimu anaisema. Mtoto anashusha visigino hatua nne tano, kisha vinapanda tena, na nyumba nzima inaamini ni ukaidi. Kabla ya kuitoa amri hiyo tena, jiulize: kisigino chake kinaweza kushuka au hakiwezi? Kwa macho hali hizo mbili zinafanana. Kwa tiba zimeachana mbali.

Kupandia vidole kwenyewe si jambo geni. Mtoto yeyote anayejifunza kutembea hufanya hivyo mara kwa mara, na mpaka miaka miwili, hata mitatu, hakuna wa kushtuka. Ikipita hapo ndipo inafaa kuangaliwa. Nchini Sweden watafiti waliwachunguza watoto wa miaka mitano na nusu, matokeo yakachapishwa 2012: karibu asilimia 5 ya watoto wote walikuwa wanatembea kwa vidole au waliwahi kufanya hivyo, lakini kwa wenye matatizo ya ukuaji wa neva, usonji ukiwemo, ilikuwa asilimia 41. Utafiti wa Marekani wa 2019, uliotumia kumbukumbu za matibabu za mamilioni ya watoto, ulipata asilimia 8.4 kwa wenye usonji na 0.47 kwa wengine. Tofauti ya 41 na 8.4 isikuchanganye. Makundi si yale yale, na kumbukumbu za hospitali hubeba tu kile alichoandika daktari. Mtoto aliyeletwa kwa homa hatembezwi ukumbini.

Sababu moja ya wote haipo. Kuna anayekwepa unyayo mzima kugusa saruji ya baridi au mkeka unaokwaruza. Huyu utamjua kwa kuwa hubadilika na sakafu, kwenye vigae anapanda, akivaa viatu anashuka. Kuna ambaye ule mkazo wa nyuma ya mguu unamtuliza, kama mwingine anavyotulizwa na kupunga mikono. Huyu hupanda zaidi akifurahi au akizidiwa na kelele. Kwa wote wawili madhara huja polepole: misuli ya shavu la mguu na kano ya kisigino, zikikaa zimejikunyata kwa miaka, huwa fupi kweli, huku mifupa ikiendelea kurefuka.

Kipimo cha nyumbani ni cha dakika tano. Alale chali, goti limenyooka. Tia kisigino chake kwenye kiganja chako, unyayo ulalie mkono wako, kisha usukume mguu taratibu kuelekea ugoko. Weka pembe ya daftari ubavuni mwa kifundo: ukingo mmoja wa daftari ufuate ugoko, wa pili ufuate unyayo. Unyayo ukifika pembe mraba, hiyo ndiyo sifuri. Unatakiwa kuipita sifuri kwa nyuzi 10 hivi. Ukiishia kwenye sifuri, misuli imeanza kukaza. Usipoifikia, mtoto hana namna ya kutembea visigino vikiwa chini ila kwa kuiba nafasi kwingine: atageuza nyayo nje, atasukuma goti nyuma kupita kiasi, au atabinua kiuno.

Sasa rudia goti likiwa limekunjwa. Shavu la mguu lina misuli miwili mikubwa: mmoja unaanzia juu ya goti, mwingine chini yake. Goti likikunjwa, ule wa juu unalegea. Kwa hiyo mguu unaogoma goti likinyooka, kisha ukakubali goti likikunjwa, tatizo lake ni msuli wa juu. Ukigoma kote kote, msuli wa chini au kano yenyewe imehusika, na kazi iliyo mbele ni ndefu zaidi.

Kosa ambalo hata wazoefu hulifanya ni kusukuma vidole badala ya kisigino. Katikati ya mguu kuna viungo vinavyopinda kirahisi, na ukisukuma sehemu ya mbele utaona mguu unapanda vizuri kumbe kifundo hakijasogea. Utaligundua kwa kutazama upinde wa ndani wa unyayo: unalala, na kisigino kinapinda kwenda nje. Kirudishe ndani kidogo, kishikilie hapo, ndipo usukume. Namba itapungua. Hiyo iliyopungua ndiyo ya kweli, iandike na tarehe, mguu wa kulia na wa kushoto mbalimbali, na upime tena kila mwezi.

Hapa ndipo choo cha shimo kinapodanganya nusu. Mtoto anayechuchumaa visigino vikiwa chini ameonyesha kwamba msuli wa chini una urefu wa kutosha. Wa juu umejilegeza tu kwa sababu magoti yamekunjwa. Wazazi husema "mbona chooni anachuchumaa vizuri" na kuacha hapo. Na upande wa pili, mtoto anayekataa kabisa choo cha shimo, au anayeangukia nyuma kila akijaribu, mpimeni kifundo kabla ya kuhesabu hilo kuwa ni tabia.

Mkigundua kifundo kinapita nyuzi 10 pande zote, msihangaike na mwendo. Mwacheni atembee anavyotembea, mpimeni kila mwezi, basi. Mkigundua kinakaribia sifuri, kunyoosha kuanze sasa: sekunde 30, mara nne kila mguu, asubuhi na jioni, kwa mshiko ule ule wa kipimo. Baada ya kuoga maji ya moto ni wakati mzuri. Mwambie kabla hujamgusa. Mshike kwa nguvu ya kutosha, maana mguso mwepesi wa kupapasa kwa wengi wao ni adha kuliko mkono mzito. Hesabu kwa sauti mpaka 30, ajue mwisho uko wapi, na ukisema 30 iwe 30. Ukiongeza tano za ujanja leo, kesho hupewi mguu. Vuta mpaka ahisi kukaza, usifike kwenye maumivu.

Asiyetaka kushikwa afanyiwe ubao. Kipande cha mbao cha sentimita 30 kwa 30, upande mmoja umeinuliwa sentimita 5, unakupa mwinuko wa nyuzi kama 10. Ukiinua sentimita 8 unafika 15. Bandika kipande cha mpira chini usiteleze. Anasimama vidole vikiwa upande wa juu, visigino upande wa chini, huku anapiga mswaki au anachora kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani. Dakika tano zinatosha kuanzia. Angalia mambo matatu: magoti yasikunjwe, makalio yasitoke nyuma, nyayo zisigeuke nje kama za bata. Hilo la tatu ndilo linaloharibu kazi kimyakimya, kwa sababu nyayo zikigeuka nje mvuto unahamia katikati ya mguu. Kitambaa kilichokunjwa na kuwekwa chini ya upinde wa ndani kinasaidia kuuzuia usilale.

Tukija kwenye viatu, kandambili na yeboyebo hazimfai huyu kwa matembezi ya mbali. Hazina kitu nyuma, naye hana kisigino cha kuzishikilia, basi anazikamata kwa vidole na kupanda zaidi. Kiatu kizuri kina nyuma ngumu isiyobonyea ukiiminya kwa kidole gumba, kinapinda pale tu vidole vinapopindia, na hakisokoteki kama tambara. Mtembea kwa vidole huwa mpana mbele na mwembamba kisiginoni, kwa hiyo kamba au mkanda wa kunata ni lazima. Chora nyayo zote mbili kwenye karatasi jioni, akiwa amesimama na visigino vimegusa chini, na uache sentimita moja mbele ya kidole kirefu. Kwenye mitumba igeuze soli kabla ya kuuliza bei: ikiwa imelika upande mmoja, unanunua mwendo wa mtu mwingine. Soksi inayomkera mvalishe nje ndani, mshono uangalie nje. Ni jambo dogo, na limemaliza ugomvi wa asubuhi katika nyumba nyingi.

Wapo ambao shida yao imekaa upande wa pili: viungo vimelegea mno, nyayo ni bapa, na kifundo kinateguka kwenye shimo dogo tu la njia. Kulegea kwa viungo nako huonekana zaidi kwa watu wenye usonji. Unyayo bapa usiouma hauhitaji soli maalumu, hata kama duka linaziuza kwa bei ya kutisha. Mwambie apande kwenye vidole huku wewe uko nyuma yake: upinde ukijitokeza na visigino vikaingia ndani, unyayo ni laini na hauna neno. Usipojitokeza, au kukiwa na maumivu, aonwe na daktari wa mifupa. Anayeteguka mara kwa mara anahitaji kuimarisha misuli: kusimama kwa mguu mmoja sekunde 30, karibu na ukuta, kila siku, halafu baadaye kwenye godoro.

Kuna hali ambazo usikubali kuambiwa "ni usonji tu". Aliyekuwa anakanyaga vizuri kwa miaka kisha akaanza kupanda vidole. Mguu mmoja tu unaopanda. Mguu unaodundadunda wenyewe kama cherehani ukiusukuma kwa ghafla. Anayeanza kujikojolea baada ya kuwa ameacha, au anayelalamika mgongo. Mtoto wa kiume mwenye mashavu ya miguu yaliyojaa isivyo kawaida, anayeinuka kutoka sakafuni kwa kujikweza na mikono juu ya mapaja yake: huyu apimwe damu kuangalia kimeng'enya cha misuli, kinachoitwa CK, kwa sababu hivyo ndivyo Duchenne, ugonjwa wa kurithi unaodhoofisha misuli, inavyoanza kuonekana, na mtoto mwenye usonji anaweza kuwa nayo pia. Mtindio wa ubongo na matatizo ya uti wa mgongo yako kwenye orodha hiyo hiyo.

Kunyoosha kukishindwa, hatua inayofuata kwa kawaida ni plasta za mfululizo: mguu unafungwa katika nafasi uliyofikia, baada ya wiki moja au mbili plasta inabadilishwa na kusogezwa mbele kidogo, kwa jumla ya wiki nne mpaka sita hivi. Sindano ya botulinamu, dawa ya kulegeza misuli, ilijaribiwa Sweden pamoja na plasta kwa watoto wanaotembea kwa vidole bila sababu inayojulikana, na haikuongeza faida. Kwa mtoto asiyevumilia kitu kigeni mwilini, omba aishike plasta kabla ya siku yenyewe, aone picha za hatua zote, asikie mlio wa msumeno wa kukatia, au avae vizibo vya masikio. Baada ya plasta hutengenezewa splinti, yaani kifaa cha kuvaa kinachoshikilia kifundo. Bila hiyo mguu hurudi ulikotoka. Splinti hizi hutengenezwa kwenye karakana za vifaa saidizi: hospitali ya CCBRT Dar es Salaam ni mahali pamoja, na mafundi wengi wa kazi hiyo katika ukanda wetu wamepitia TATCOT, chuo cha mafundi wa vifaa hivyo, pale hospitali ya KCMC Moshi. Upasuaji wa kurefusha kano ni wa wale ambao yote hayo yameshindwa na kifundo kimegoma kabisa. Kano ikirefushwa kupita kiasi, mtoto hutembea magoti yamekunjika, na hilo ni gumu kulirekebisha kuliko vidole vyenyewe.

Mtu mzima mwenye usonji anayepandia vidole tangu utotoni ajipime ukutani: kidole gumba cha mguu kiwe sentimita 10 kutoka ukutani, kisigino chini, goti liguse ukuta. Asiyefika ana msuli wa chini uliokaza, na maumivu ya unyayo ya asubuhi mara nyingi yanatokea huko.

Jioni, kagua nyayo. Wengi wenye usonji hawaonyeshi maumivu kwa namna tunayoitegemea, na asiyeongea hana namna ya kusema. Tazama chini ya sehemu ya mbele ya unyayo, ambako sugu huota kwa kubeba uzito wote. Kati ya vidole, ambako fangasi hukaa. Na pembeni mwa kucha, kwenye maeneo ya funza, utafute kidoa cheupe chenye nukta nyeusi katikati. Mwiba, lengelenge, kucha iliyoingia nyamani: chochote kati ya hivyo kinaweza kuwa ndicho kilichompandisha kwenye vidole wiki hii.