Mama wa Beni

Juzi binti ya dada yangu, aliyepata nafasi ya mafunzo kazini katika ofisi ya uhusiano ya hospitali moja hapa Kampala, aliniuliza: "Mama mdogo, pale nitafanya nini hasa?" Nikamtajia yale ya kawaida: taarifa kwa waandishi wa habari, picha za wageni, malalamiko ya kisanduku cha maoni. Usiku usingizi ukanipaa. Nilikuwa namkumbuka mama mmoja wa Beni, mji wa mashariki mwa Kongo.

Ilikuwa 2022. Ebola ilitangazwa wilayani Mubende, hapa Uganda, tarehe 20 Septemba, na ilipoingia Kampala mwezi uliofuata, hospitali niliyokuwa najifunzia kazi ilizuia wageni. Mgonjwa aliruhusiwa mtu mmoja tu wa kumuuguza. Anayezijua hospitali zetu anajua uzito wa amri hiyo: jamaa ndio wanaopika, wanaofua, wanaomgeuza mgonjwa, wanaokimbilia dawa duka la nje. Tulibandika matangazo getini kwa Kiingereza na Kiluganda, tukaona tumemaliza.

Asubuhi moja askari wa geti akapiga simu: kuna mtu haelewani naye kwa lugha yoyote. Mkuu wangu akanigeukia. "Wewe si unacho kile Kiswahili cha kambini?" Ninacho, nimekirithi kwa baba. Watu wengi Kampala Kiswahili walikisikia kwanza kwa askari wa vizuizini, na hadi leo wapo wanaokiogopa. Nikashuka.

Alikuwa amesimama kando ya pipa la maji ya klorini, kitenge kimefungwa sawasawa, mkononi hotpoti ya ugali na sombe, yaani kisamvu. Binti yake alikuwa wodini, amejifungua kwa upasuaji, na anayemuuguza alikuwa wifi yake.

"Jambo, mama," nikasema, nikaanza kumweleza yaliyo kwenye tangazo. Akanikatiza.

"Mwanangu, Ebola naijua. Imezika majirani zangu." Akapandisha mkono wa blauzi, akanionyesha bega. "Mimi nilichomwa sindano yake kule Beni. Siwezi kuipata, siwezi kumletea mtu. Niache niingie nimwone mtoto."

Nilikosa neno. Tangazo letu liliandikiwa mtu asiyeijua Ebola, na huyu aliijua kuliko ofisi yetu nzima. Kati ya 2018 na 2020 iliua watu zaidi ya 2,200 mashariki mwa Kongo, na waliochanjwa walipita 300,000. Hoja yake ilikuwa nzito, na hakuna kati yetu aliyeifikiria.

Nikamwomba anisubiri, nikamtafuta daktari. Akanieleza kwamba virusi vya Mubende ni vya aina ya Sudan, na chanjo ya Beni ilitengenezwa dhidi ya aina ya Zaire. Haikingi hii. Na kwa hii hakukuwa na chanjo iliyoidhinishwa.

Nikarudi, nikamweleza.

"Kwa hiyo hii ni nyingine?"

"Ni nyingine, mama. Jina moja, virusi tofauti."

"Na hii yenu haina sindano?"

"Bado haina."

Akanitazama kwa muda mrefu. "Nani amekuambia?"

"Daktari."

"Na Beni walikuwepo madaktari. Watu walikataa kuwasikia." Akashusha mkono wa blauzi taratibu, akakifunga kifungo. Kisha akanikabidhi hotpoti. "Mpelekee. Mwambie ale kingali moto."

Siku ileile niliandika tangazo la Kiswahili, habari ya chanjo ya Beni ikiwa mstari wa kwanza, na mkuu wangu akalipitisha bila kugusa neno. Binti yule alitoka salama na mwanawe. Tarehe 11 Januari 2023 mlipuko ukatangazwa kwisha. Kati ya waliothibitishwa kuugua, 55 walikuwa wamekufa.

Linalonirudia ni lile jicho lake. Aliniamini kwa sababu nilisema kweli, au kwa sababu nilisema kwa lugha yake? Kama ni lugha, basi hata uongo angeupokea kutoka kinywani mwangu, na binti angekula sombe yake vilevile. Nilimuuliza mkuu wangu, mtu mwema aliyenifundisha mengi. Akasema kazi yetu ni kuhakikisha taarifa imefika. Jibu hilo halikunitosha, na sijapata jingine.