Nimerudi Unguja kufundisha pumzi

Tangu niteremke boti pale Malindi, suala ninaloulizwa ni moja tu. Majirani wa Kikwajuni wameniuliza, mashoga zangu wa skuli wameniuliza, hata msibani nimeulizwa. Shangazi yangu ndiye aliyelisema bila ya kuzunguka: "Mwanangu, Ujerumani walikuwa wakikulipa kwa kuimba. Sasa umekuja kufundisha watoto. Kwani sauti imekwisha?"

Haijakwisha, Shangazi. Jibu lake ni refu na barazani sikupata nafasi ya kulimaliza, ndiyo maana naliandika hapa, lako wewe na la wote walioniuliza.

Niliondoka kwenda kusomea uuguzi. Aliyenigeuza njia ni mwalimu mmoja mtu mzima, mwanamke aliyekuwa mwimbaji wa opera, mchezo wa jukwaani unaoimbwa mwanzo mpaka mwisho, enzi za ujana wake na baadaye akawa anafundisha nyumbani kwake. Alinisikia kwenye kwaya ya mtaani, akaniita pembeni, akaniambia niende kesho yake. Baada ya miaka ya kusomeshwa naye nikaajiriwa kwenye kwaya ya jumba la opera. Ujerumani ina majumba ya opera yapata 80 yanayoendeshwa kwa fedha za umma, na waimbaji wake ni waajiriwa kama waajiriwa wengine, wana mshahara, likizo na pensheni. Asubuhi mazoezi, jioni onyesho. Leo opera ya Verdi, kesho ya Mozart, keshokutwa ya Wagner. Kuimba kwa Kitaliano hakukunipa taabu, kwa sababu mtu aliyekulia Kiswahili, ambacho silabi zake karibu zote huishia kwenye irabu, ulimi wake umeshalainika. Kijerumani ndicho kilichonitoa jasho.

Kuna jambo nikilieleza hapa watu hawaliamini: mwimbaji wa opera huimba bila ya maikrofoni. Mbele yake iko okestra ya watu 60 au 80, na ukumbi umejaa, naye anasikika mpaka viti vya juu kabisa. Wala hapigi kelele. Nguvu kubwa ya okestra iko kwenye mitetemo kama 500 kwa sekunde. Mwimbaji aliyefunzwa, hasa mwanamume au mwanamke mwenye sauti nzito kama yangu, hulipanga koo lake sauti ikapata mng'aro kwenye mitetemo kama 3,000 kwa sekunde, pale ambapo okestra imeshapungua nguvu na sikio la binadamu ni jepesi. Mwanasayansi wa Sweden, Johan Sundberg, ndiye aliyelipima na kulieleza jambo hili, lakini waimbaji walikuwa wakilifanya kwa kurithishana zamani sana kabla yake.

Na sisi tulikuwa na watu wa namna hiyo. Siti binti Saad, mtoto wa Fumba, kabla ya kwenda Bombay mwaka 1928 kurikodi santuri alishajenga jina lake kwenye mabaraza na majumba ya watu yasiyokuwa na spika hata moja. Sauti yake ndiyo iliyokwenda yenyewe.

Sasa nimekaa kwenye harusi mbili tatu tangu nirudi, na nimetoka nimeumia moyo. Kinanda kiko juu, spika ziko juu, na binti wa miaka ishirini na kitu anashindana navyo kwa kukaza shingo. Mishipa inamtoka. Saa sita ya usiku sauti imeshakwaruza, na kesho yake ana harusi nyengine. Anakunywa tangawizi, anaendelea. Wenzake watasema sauti yake imeiva. Mimi nasikia sauti inayochanika, na najua kwamba akifika umri wangu hatakuwa nayo. Hili ndilo lililonifanya nisisaini tena mkataba. Kule waimbaji waliopo wanatosha na wanatunzwa. Huku wenye vipaji ni wengi, na wa kuwaonesha namna ya kuvitunza ni wachache.

Mwalimu wangu alikuwa haishi kumtaja Manuel García, na mimi namtaja kwa kila anayedhani kufundisha ni kazi ya aliyeshindwa. García, Mhispania aliyezaliwa mwaka 1805, alitoka kwenye nyumba ya waimbaji. Mwaka 1825 baba yake, mwenye jina hilohilo, aliwapeleka New York kuimba opera ya Kitaliano, na kijana huyo akasimama jukwaani pamoja na dada yake Maria, aliyekuja kuwa maarufu kwa jina la Malibran. Sauti ya dada ilipaa. Ya kaka haikustahimili, akaacha jukwaa bado kijana kabisa. Hapo ndipo kazi yake ilipoanza. Alikwenda kwenye hospitali za kijeshi kusoma umbile la koo, akafundisha Paris, kisha London, kwenye Royal Academy of Music, kuanzia 1848 mpaka 1895. Mwaka 1841 alimjia Jenny Lind kutoka Sweden, mwimbaji msichana mwenye jina kubwa kwao na sauti iliyochoka. García hakumpa wimbo. Alimwambia apumzike wiki 6, asiimbe hata noti moja na kusema aseme kidogo, ndipo wakaanza upya, taratibu. Ulaya nzima ilikuja kumjua Jenny Lind.

Mwaka 1854 García alifanya jambo ambalo madaktari hawajalisahau. Alichukua kioo kidogo cha daktari wa meno chenye mpini mrefu, akakitia nyuma ya koo lake, akakimulika kwa jua, na kwa kioo cha pili akaziona nyuzi zake za sauti zikifunguka na kufumba. Mwaka uliofuata maelezo yake yalisomwa mbele ya Royal Society, jumuiya ya wanasayansi ya London. Vioo vya namna hiyo madaktari wa koo walivitumia vizazi na vizazi. Na aliyewafungulia njia ni mwalimu wa kuimba aliyetaka kujua ndani ya koo kunapita nini. Alifariki mwaka 1906 akiwa na umri wa miaka 101.

Kwetu pia hatuna haja ya kwenda mbali. Bi Kidude aliimba mpaka uzeeni, akapewa tuzo ya WOMEX, maonesho ya muziki ya kimataifa, mwaka 2005, akaimba tena. Na miaka yote hiyo alikuwa somo wa unyago, anawafunda wari kwa ngoma na nyimbo. Alipofariki Aprili 2013 kulizikwa mwimbaji na mwalimu kwa pamoja. Sijapata kusikia mtu akisema Bi Kidude kafundisha kwa sababu sauti imemwishia.

Darasa langu ni sebule ya mama. Kitu cha kwanza ninachomwambia mwanafunzi ni aje na kanga. Naifunga kibwebwe, lakini juu kidogo kuliko tulivyozoea ngomani, pale mbavu za chini zinapoishia, na naikaza. Namwambia avute pumzi bila ya kunyanyua mabega. Kanga ikaze mbele, ubavuni na mgongoni, kote kwa pamoja. Kisha atoe "sss" nyembamba, na kazi yake ni kuizuia kanga isilegee haraka. Wengi pumzi huwatoka yote mara moja, kanga ikashuka mpaka kiunoni, tukacheka. Wiki kadhaa baadaye yuleyule anashika ubeti mzima, na shingo yake imetulia. Mama anakaa pembeni na uzi wake wa kofia, na siku hizi ananiwahi kusema, "Mabega hayo, mwanangu."

Wanaonishangaza ni watoto wanaotoka chuoni, kwenye madrasa. Mtoto aliyefundishwa tajwidi, kanuni za kusoma Qur'ani, anayejua kuivuta madda, ile irabu ndefu, kwa kipimo cha harakati 6 bila ya kukata pumzi, kwangu anafika nusu ya kazi imeshafanywa. Ustadhi wake hajawahi kusikia habari za opera, lakini kunyoosha sauti amemfundisha barabara.

Yapo ya opera ambayo siyafundishi kwa makusudi. Kule, mwanamke akipanda noti za juu kabisa hubadilisha irabu ili sauti ipite, na neno hupotea. Kwenye taarab neno likipotea hukubakisha kitu, maana watu wamekuja kusikiliza fumbo na kujua nani kapigwa kijembe. Kadhalika sitaki kumfuta mtu rangi ya sauti yake ya puani kidogo, wala kumtoa kwenye maqamu, zile ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu, aliyoyazoea tangu utotoni. Nawapa pumzi, nawapa mapumziko na maji, nawakataza kuimba wakiwa na homa. Mahadhi wanayo wenyewe.

Ndiyo maana nimekwenda kumbembeleza bibi mmoja wa Malindi, aliyeimba taarab tangu ujana wake na sauti yake bado imesimama. Amekubali kuja Jumamosi baada ya alasiri. Yeye atafundisha kutamka ubeti na pahala pa kukata pumzi katikati ya shairi, na mimi nitakaa mkekani na wanafunzi, na kanga yangu kibwebweni. Shangazi, na wewe njoo.