Nyanya zangu zilichanua Januari nzima bila kutunga hata moja

Januari mwaka juzi nilikuwa na mashina 200 ya nyanya nyuma ya nyumba, Kigamboni, pwani ya Dar es Salaam, na hakuna shina lililokosa maua. Majani yalikuwa ya kijani kilichokolea, mapana, na kila mgeni aliyepita uani alinipongeza. Lakini tunda, hakuna hata moja. Asubuhi nikienda kumwagilia nakuta maua ya njano yametapakaa juu ya udongo, mengine mabichi kabisa, kana kwamba mtu amepita usiku akayachuma na kuyatupa. Iliniuma, kwa sababu nilikuwa nimetenga ada ya mtoto kwenye nyanya hizo.

Nikadhani ni wadudu. Nilikwenda duka la pembejeo, na muuzaji hakuniuliza nimepanda lini wala wapi. Akanipa dawa ya wadudu na chupa ya busta ya maua. Nikapiga vyote wiki ile ile. Maua yakaongezeka, na yanayoanguka nayo yakaongezeka. Nikaona labda mmea una njaa, nikaweka yurea, mbolea ya naitrojeni, kizibo cha soda kimoja kila shina, ilhali wakati wa kupanda nilikuwa nimeshaweka samadi ya kuku nyingi. Majani yakazidi kunawiri.

Aliyenifumbua macho ni shangazi yangu anayelima Lushoto, milimani kwenye baridi. Mbegu alinipa yeye, ya aina ya nyanya iitwayo Tanya, aliyoikamua kutoka kwenye nyanya zake mwenyewe, na kwake mbegu hiyo hiyo ilikuwa inazaa mpaka mashina yanainama.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Nyanya zimeiva?"

"Hazijatunga hata moja, shangazi. Maua yote yanapukutika."

Akanyamaza kidogo. "Huko kwenu usiku mnajifunika blanketi?"

"Blanketi la nini, shangazi? Hata shuka tunaitupa pembeni."

"Basi na nyanya haipumziki, mwanangu. Kwanza muite bwana shamba aangalie, usiendelee kumwaga dawa."

Bwana shamba alikuja Jumamosi. Hakugusa majani, aliinama moja kwa moja kwenye ua. Kikonyo cha ua la nyanya kina kifundo katikati, kama goti dogo. Nilikuwa nimelima wiki kumi sijawahi kukiona. Akanionyesha: kuanzia kwenye kifundo kwenda juu, kikonyo kimegeuka njano, chini yake bado kijani. Alipoligusa ua kwa ncha ya kidole likaachia pale pale kwenye goti. Akaniambia mmea wenyewe ndio unaolikata, kwa kuwa ua halikurutubishwa na mmea hauna sababu ya kulilisha.

Kisha akaomba karatasi nyeupe. Akayapigapiga maua matano juu yake. Kama tatizo lingekuwa thripsi, alisema, tungewaona vidudu vyembamba vikitambaa kwenye karatasi. Hakikutambaa kitu. Ila hata vumbi la njano lilikuwa haba mno, chembe za kuhesabu. Vumbi hilo ndilo chavua, na kukosekana kwake ndiko kulikokuwa jibu la swali langu.

Ua la nyanya lina upande wa kiume na wa kike ndani yake lenyewe, hivyo halihitaji shina la pili. Linachohitaji ni mtikisiko, wa upepo au wa wale nyuki weusi wakubwa wanaovuma, ili chavua idondoke mahali pake. Lakini chavua lazima kwanza iwe nzima. Joto la mchana likipita nyuzi 32 hivi, na usiku usiposhuka chini ya nyuzi 21 hadi 24, chavua huharibika au haitengenezwi ya kutosha. Tena inaharibika mapema, wiki moja hadi mbili kabla ua halijafunguka. Hapo nikaelewa kwa nini siku zile mbili tatu za mawingu na ubaridi hazikunisaidia kitu: maua yaliyokuwa yanafunguka yalikwisha kuungua yakiwa vitumba. Na unyevu wa huku pwani nao una lake, maana hewa ikiwa nzito chavua hunata badala ya kupukutika.

Nilinunua kipima joto nikakitundika kivulini, jirani na matuta. Saa tano usiku kilisoma 28. Niliamka saa kumi na moja alfajiri kukiangalia tena: 26. Wala sikuhitaji kuuliza mtu mwingine.

Yurea nayo ilikuwa kosa langu la pili. Naitrojeni ikizidi, nyanya hukimbilia majani na machipukizi, matunda hayana nafasi. Hata kumwagilia nilikuwa namwagilia ovyo, siku mbili nimesahau, ya tatu nafurikisha, na mmea ukishtuka namna hiyo huangusha maua hata kama hewa ni nzuri.

Kwa msimu ule niliokoa nilichoweza. Niliacha mbolea kabisa. Nikatandaza nyasi kavu chini ya mashina, nikawa namwagilia kidogo kila asubuhi na jioni. Nikatoa machipukizi ya kwapani. Nilikuwa nimeona kwamba mstari ulio karibu na mwembe, unaopata kivuli kuanzia saa nane, ulikuwa unadondosha maua machache kuliko mingine, kwa hiyo nikafunga neti ya kivuli juu ya mistari miwili zaidi. Na kila siku kati ya saa tatu na saa tano asubuhi, umande ukishakauka, nilipita na kijiti nikigonga nguzo za kuegemezea, taratibu, ili maua yatikisike. Nilipata ndoo mbili ndogo, karibu zote kutoka kwenye kivuli. Mistari iliyokuwa juani haikutoa kitu.

Mwaka uliofuata sikubadilisha mbegu, nilibadilisha miezi. Nilisia kitaluni katikati ya Aprili, chini ya paa la nailoni kwa sababu ya masika, nikahamishia shambani katikati ya Mei. Hiyo nayo si rahisi, maana udongo bado umelowa na ukungu unasubiri. Nilikata majani yote yanayogusa chini na kupanda kwa nafasi kubwa zaidi. Samadi niliweka ya ng'ombe iliyooza vizuri, nusu ya kiasi cha mwanzo. Maua yalifunguka katikati ya Juni, kipupwe kimeshaingia na kusi inavuma. Kipima joto alfajiri kilisoma 20.

Nakumbuka kichala cha kwanza. Kilikuwa na maua saba. Nilikipitia kila siku kama mtu anayemwangalia mgonjwa, nikikagua kile kifundo kwanza kabla ya kitu kingine. Kilibaki kijani. Siku ya tano petali za ua la kwanza zilinyauka zikajikunja, na ndani yake kulikuwa na kitu cha kijani, kidogo kama punje ya mtama, kinang'aa. Nilimwita mwanangu aje aone. Katika yale saba, matano yalitunga. Kufikia Septemba nilikuwa nimechuma ndoo kubwa 19, na ada ililipwa.

Nilipompigia shangazi kumshukuru aliniambia kwao hali hugeuka: Julai baridi ikizidi usiku, nyanya zake nazo husita kutunga, kwa hiyo maua ya mwezi huo hayategemei sana.

Sasa ni Januari tena. Kwenye matuta yale yale nimepanda bamia, inayolipenda joto hili, na mbegu ya Tanya iko ndani ya chupa iliyofungwa ikisubiri Aprili.