Magoti yakikunjwa, sikio linabadilika

Waimbaji wakipishana mdundo, mwalimu wa korali huwaambia wasimame wima wasikilize. Ushauri huo ni wa kinyume. Waambie wayumbe.

Mwaka 2005 watafiti wa Kanada, Jessica Phillips-Silver na Laurel Trainor, waliwapigia watoto wa miezi saba mdundo usio na mkazo. Wengine walirushwarushwa mikononi kila pigo la pili, wengine kila la tatu. Baadaye watoto, kwa wastani, walipendelea mdundo wenye mkazo palepale waliporushwa. Waliofungwa macho nao vilevile. Waliomtazama tu mtu mwingine akiruka hawakuonyesha tofauti.

Hapa Bukavu jaribio la namna hiyo halihitaji zaidi ya bidoni tupu la lita 20. Piga mapigo yaliyo sawa, karibu matatu kwa sekunde, kwa dakika mbili. Kundi la kwanza likunje magoti kila pigo la pili. Litoke, liingie la pili, likunje kila la tatu. Kisha wote wakae, uwapigie mdundo wa mkazo wa mbili, yaani kila pigo la pili, halafu wa tatu, na kila mmoja anyooshe mkono kwa ule aliousikia mwanzo. Mtashangaa, maana bidoni lilikuwa lilelile.

Jaribio likiharibika, mara nyingi kosa ni la mpigaji. Ukipokezana mikono, ule wenye nguvu hutia mkazo wa mbili bila wewe kujua. Tumia mkono mmoja na soli ya kandambili. Makofi pia hayafai: kofi lenyewe ni sauti. Na kugonga mguu tu hakutoshi, kichwa lazima kishuke na kupanda, kwa sababu kiungo cha usawa wa mwili kimo ndani ya sikio, jirani kabisa na kile cha kusikia.

Kichwa hichohicho ndicho kinachokuokoa barabarani. Honi ya motari, yaani mwendesha pikipiki, ikiwa mbele yako kabisa au nyuma kabisa, sauti hufika masikio yote mawili kwa wakati mmoja. Geuza uso kidogo kushoto: ikitangulia sikio la kulia, motari yuko mbele, ikitangulia la kushoto, yuko nyuma. Tofauti haifiki hata sehemu moja ya elfu ya sekunde, lakini ubongo huikamata. Honi ya mkato mmoja huisha kabla shingo haijageuka. Ya mikato miwili hukupa nafasi katikati.