Usilete mkoko Kigoma, tete lipo

Maji yakila ufukwe hapa Kigoma, hukosi mtu wa kuuliza: "Mbona tusipande mikoko kama wenzetu wa Pwani?" Swali lilisikika zaidi ziwa lilipopanda mwaka 2020 na 2021, mawimbi yakaingia kwenye mialo na nyumba za kandokando. Anayeuliza ana hoja. Ameona picha za Rufiji, ameona mizizi ilivyoshika tope, akafikiri kilichofaa kule kitafaa na huku. Mti ule haufai hapa, ila kazi anayoitaka ina mmea wake, na mmea huo tunaukata na kuuchoma kila kiangazi.

Tuanze na mkoko wenyewe. Wengi wanadhani unahitaji chumvi ili uishi. Hauihitaji, unaivumilia tu. Mche wa mkoko ukiuweka kwenye ndoo ya maji baridi unaota. Kinachoupa ufalme kule pwani ni kwamba maji ya chumvi yanawafukuza washindani. Mkoko huizuia chumvi kwenye mizizi, mchu, mti mwenzake wa misitu ya mikoko, huitoa kupitia majani mpaka ukilamba jani unaionja, na mimea mingine mingi haiwezi lolote kati ya hayo. Ziwa Tanganyika ni maji baridi. Mkoko ukija hapa unakutana na matete, mafunjo na mabingobingo, na hao hawana cha kuogopa.

Jambo la pili ni kupwa na kujaa. Baharini maji hushuka na kupanda mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua, yaani mwezi mpevu na mwezi mwandamo, tofauti yake pwani yetu hupita mita 3. Maji yakipwa, mizizi inapata hewa. Ziwa letu halina kupwa wala kujaa kwa maana hiyo. Lenyewe hupanda na kushuka mara moja kwa mwaka, kama sentimita 80 hivi, likiwa juu mwezi wa 4 au wa 5 na chini kabisa mwezi wa 10 au wa 11. Mche mdogo wa mkoko uliofunikwa na maji miezi mfululizo, hewa utaipata wapi? Tena kuna la tatu, nalo kwangu linatosha peke yake: ziwa hili lina mamia ya aina za samaki wasiopatikana popote pengine duniani. Kuingiza mti wa kigeni ufukweni mwake ni kucheza pata potea kwa mali isiyo yako. Gugumaji nalo liliingia Afrika kama ua la bustani.

Sasa tete. Likate moja bichi katikati ya vifundo viwili, ulitazame kwa ndani. Ni bomba. Bomba hilo halipo kwa ajili ya wepesi peke yake. Hewa inashuka humo mpaka kwenye mashina yanayotambaa chini ya tope, mahali ambapo hewa nyingine haifiki. Mkoko umetatua shida hiyo hiyo kwa mizizi ya kupumulia, tete limeitatua kwa shina. Ukilielewa bomba hili, nusu ya makosa yote ninayoyaeleza hapa chini utayakwepa, maana tete lililokatwa chini ya usawa wa maji linaingiwa na maji kwenye bomba, na kisiki kinaoza kuanzia juu kwenda chini. Lililokatwa sentimita 30 juu ya maji linachipua.

Shina huvunja wimbi, maji yakitulia tope linazama, tope likizama matete yanasogea mbele. Ndani yake mna uhai ambao mvuvi anauona sokoni baadaye bila kujua ulikotoka. Vifaranga vya sangala hukaa kwenye majani ya kandokando ya ziwa tangu wakiwa na sentimita chache mpaka wafike karibu shibiri, ndipo watoke kwenda kina kirefu. Ngege na kambale nao wanategemea humo humo. Dagaa na mgebuka ni watu wa maji wazi, kwa hiyo tusidanganyane kwamba matete yatarudisha dagaa. Huko kuna mambo mengine, na ndiyo sababu mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa kwa miezi 3.

Ukitaka kuona mfumo huu ukiwa mzima, tazama Malagarasi. Kabla ya kufika Uvinza, maji yake yamepita kwenye mabwawa na mafunjo ya bonde la Malagarasi na Muyovozi, ardhi oevu ya kwanza ya Tanzania kuingizwa kwenye orodha ya Ramsar, ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa, mwaka 2000, hekta 3,250,000 zinazogusa Kigoma, Tabora na kwingineko. Humo ndimo anamoishi nzohe, swala mwenye kwato ndefu za kutembelea matopeni, pamoja na yule ndege mwenye mdomo kama kiatu ambaye watalii wanavuka bahari kuja kumtafuta. Mto ukimwaga maji ziwani kule Ilagala, sehemu kubwa ya tope la juu imeshabaki nyuma. Mto Luiche, hapa chini ya Ujiji, hauna chujio la ukubwa huo, na bonde lake limejaa mashamba mpaka karibu na maji.

Haya, kupanda. Kwanza angalia kama mahali penyewe panafaa. Sehemu kubwa ya ufukwe wa Kigoma ni mawe na miteremko mikali. Matete hayakuwahi kuota hapo na hayatakiwi hapo, kwa sababu samaki wadogo wa rangi wanaokula mwani juu ya mawe wanataka maji maangavu na mawe safi. Tafuta ghuba, mdomo wa kijito, au kipande cha mchanga na tope ambapo wazee wanakumbuka matete yalikuwepo. Kule pwani kosa linaloua mikoko mingi ya kupandwa ni hili hili: watu hupanda mahali palipo wazi na rahisi, kumbe pako wazi kwa sababu mti haukuweza kuota hapo.

Wakati ni mwezi wa 11, maji yakiwa chini na mvua zimeanza. Usipande kwenye mstari wa maji. Piga hesabu: kwenye ufukwe unaoshuka mita 1 kwa kila mita 10, maji yakipanda sentimita 80 yanafunika mita 8 za nchi kavu. Anza mita 3 kutoka mstari wa maji kuelekea nchi kavu. Hapo, kufikia mwezi wa 4, mche utakuwa kwenye maji ya nusu mita, na ukiwa umepandwa mapema utakuwa umepita mita moja kwa urefu. Ule ukanda wa chini uache. Matete yenyewe yatashuka kwa mashina yao ya kutambaa, na yanajua kina chao kuliko sisi.

Miche ichimbwe kwenye kichaka kilichosongamana, cha ufukwe huo huo, bonge moja kwa kila mita moja ya mraba ili usimuue mama. Bonge liwe na upana wa sentimita 20 na kina kama hicho, likiwa na tope lake. Lipasue kidogo kwa kidole uangalie macho, yaani sehemu zinazochipua. Jicho zima ni jeupe, gumu, limechongoka. La kahawia linalobonyea limekufa. Bonge lenye macho matatu mazima linatosha. Mashina yakate yabaki nusu mita, usiyakate mpaka chini, maana ndiyo pua yake. Funika kwa gunia bichi, weka kivulini, panda siku hiyo hiyo. Yakilala jua likayapiga, umebeba tope tu.

Mstari na mstari ni mita 1, bonge na bonge ni nusu mita. Ufukwe wa mita 50 ukipanda mistari minne unahitaji mabonge 400, kazi ya watu kumi kwa siku mbili kama machimbio yako karibu. Shimo liwe na kina cha bonge, kisha kanyaga kwa kisigino. Bonge linalotikisika halitashika.

Wimbi ndilo adui wa miezi sita ya kwanza, na upepo wa kusini wa kiangazi utakuja kabla mizizi haijakomaa vizuri. Weka uzio mbele ya mstari wa chini: vigingi vya mianzi kila nusu mita, vizame sentimita 60, usukie makuti ya mchikichi, ambayo hapa kwetu hayana bei. Usisuke ukaziba. Uzio uliozibwa unarudisha wimbi kwa nguvu, wimbi linachimba chini ya vigingi, na baada ya wiki mbili uzio umelala kifudifudi. Acha mianya ya kupitisha mkono.

Kisha mbuzi. Chipukizi la tete ni tamu kwao kuliko majani yote ya jirani, na ng'ombe wakipitishwa hapo kwenda kunywa maji wanamaliza kwa kwato kile walichokibakiza kwa meno. Bila uzio wa nchi kavu kwa mwaka mmoja, au makubaliano ya kweli na wafugaji yenye njia yao ya kunywesha, usianze. Moto ni hivyo hivyo. Kichaka kikubwa kikiungua juu ya tope bichi kinachipua tena, lakini moto ukifuatiwa na mifugo mwezi huo huo, mashina ya chini yanaishiwa akiba.

Kuvuna si dhambi. Watu wanahitaji matete ya uzio na dari, na kichaka kinachovunwa kina mlinzi. Vuna wakati wa kiangazi, juu ya maji, theluthi moja kwa mwaka kwa zamu. Kokoro, wavu wa kuburuza, halina zamu: likiburuzwa mara moja linang'oa majani na kufagia vifaranga. Ndiyo maana limekatazwa.

Yote haya yanaweza kuzikwa na udongo wa milimani. Panda boti kutoka Kibirizi kwenda kaskazini siku ya pili baada ya mvua, utaona rangi ya maji kwenye kila mdomo wa kijito. Milima ya vijijini ni myekundu, na maji mbele yake mekundu. Ukifika Gombe miti inashuka mpaka ufukweni na maji yanabadilika. Mwaka 1993 mtafiti Andrew Cohen na wenzake walionyesha kuwa sehemu za ziwa zinazopokea tope jingi zina aina chache za viumbe kuliko zenye maji masafi. Anayelima juu ya kijito apige makinga maji kufuata usawa wa kilima, na kingoni mwa makinga apande mabingobingo, atapata na malisho. Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto ziachwe bila shughuli za kudumu. Ukanda huo ndio wa kupanda.

Usipande mbele ya mahali watu wanapochota maji na kuoga. Maji tulivu yenye majani ni makazi ya konokono wa kichocho, na kwenye mito mikubwa mamba naye anapenda maficho. Acha pengo la mita 5 kwa boti na ndoo, na ulikate kimshazari. Pengo lililonyooka kuelekea upepo unakotokea linageuka mfereji wa mawimbi, na kingo zake huanza kumeguka kabla matete ya pembeni hayajashikana.